Sura ya Sita: Mtazamaji Roho Juu

Taharuki ni hali ya kusubiri jambo linalojulikana nusu. Mtazamaji anajua kuna hatari na anajua inamwendea nani, ila hajui itamfika lini wala kwa njia gani. Filamu ya kusisimua huishi kwa hali hiyo. Ngumi, risasi na magari yanayopinduka huja baadaye, na kwa mtengenezaji mwenye uzoefu hizo ndizo dakika nyepesi. Ngumu ni zile zinazotangulia, ambapo bado hakuna kilichotokea lakini aliyeketi mbele ya skrini amesahau karanga mkononi.

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ina mandhari mbili ambazo sinema imezitumia kwa kazi hiyo tangu uchanga wake: barabara ndefu inayokatiza nyika, na reli. Barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya hadi Zambia hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa takriban kilomita 50. Nyati, twiga na tembo huvuka lami hiyo usiku na mchana. Madereva wamewekewa matuta na kikomo cha mwendo, na anayemgonga mnyama hutozwa faini. Kaskazini ya hapo, Reli ya Kati iliyojengwa enzi za Wajerumani hupita Kilosa mjini na kufuata bonde la Mto Mkondoa kuelekea Dodoma. Reli ya kisasa, iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, imepitishwa kwenye mahandaki manne katika milima hiyohiyo.

Mshtuko na taharuki si kitu kimoja. Aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha ni Alfred Hitchcock, mwaka 1962, alipohojiwa na mwongozaji Mfaransa François Truffaut. Watu wako mezani wanapiga soga. Ghafla bomu lililokuwa chini ya meza linalipuka. Mtazamaji anashtuka kwa sekunde 15, basi. Sasa mtazamaji huyohuyo aonyeshwe mapema bomu likitegwa, na saa ionekane ukutani nyuma ya wazungumzaji: soga ileile isiyo na kichwa wala miguu itamkalisha roho juu kwa dakika 15. Bomu ni lilelile, ila safari hii amepewa habari ambayo waliokaa mezani hawana.

Kwa Mikumi, mfano unaweza kujengwa hivi. Jioni, semitrela imeegeshwa Doma, upande wa Morogoro, kabla ya kuingia hifadhini. Dereva na utingo wake wako kibandani wanakunywa chai. Mtu anainama kando ya tangi, analegeza nati ya mpira wa dizeli kwa spana, anaondoka bila haraka. Tone moja linaanguka vumbini, kisha la pili. Wawili wale wanarudi, gari linaondoka, na dereva anaanza kumtania kijana kuhusu mahari. “Dogo, ng'ombe wanane si mchezo.” “Braza, nitawatoa kidogo kidogo.” Bila ile spana, maneno haya yangekuwa ya kupitisha muda tu. Baada ya spana, kila sentensi inapotea pamoja na mafuta. Lori likienda kilomita 50 kwa saa litahitaji saa nzima kuimaliza hifadhi, na mtazamaji anaanza kupiga hesabu bila kuombwa.

Njia nyingine ni kumficha mtazamaji spana ile. Injini inazimika gizani, watu wanashtuka, kisha inabidi mhusika mmoja aeleze kwa mdomo nani alifanya nini na kwa sababu gani. Filamu nyingi za Bongo zimeizoea njia hii, na hasara yake ni kubwa: siri iliyofichwa hadi mwisho hutoa mshtuko mmoja, na maelezo yanayofuata huupoza hata huo mmoja. Kuficha kunafaa pale tu ambapo kitakachofichuliwa kitabadilisha maana ya yote yaliyoonekana kabla. Mahali pengine pote, heri mtazamaji ajue zaidi ya mhusika.

Filamu ya Kenya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Tosh Gitonga, ni shule nzuri ya kanuni hiyo. Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, anatoka kijijini kwenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji, anaibiwa mara tu anapofika, na hatimaye anaangukia kwenye genge la wezi wa vipuri vya magari. Anakuwa na maisha mawili, jukwaani na gengeni, na watu wa upande mmoja hawamjui wa upande wa pili. Mtazamaji peke yake ndiye anayezijua pande zote. Kwa hiyo hata mazoezi ya mchezo wa kuigiza, ambayo yenyewe hayana hatari yoyote, hutazamwa kwa wasiwasi, kwa kuwa simu moja ya genge yaweza kuyavunja. Mmoja wa watayarishaji wa filamu hiyo alikuwa Mjerumani Tom Tykwer, ambaye mwaka 1998 alitengeneza Lola rennt, hadithi ya msichana mwenye dakika 20 tu za kutafuta fedha za kumwokoa mpenzi wake. Ukiziangalia filamu hizo mbili kwa pamoja, undugu wao katika matumizi ya muda hauna maficho.

Wasomaji wa Kiswahili waliionja taharuki vitabuni mapema. Faraji Katalambulla alichapisha Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba akamleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Mwandishi wa riwaya anaweza kuingia kichwani mwa mtu na kusema anachokiogopa. Kamera haina njia hiyo. Inabidi imwonyeshe mtu akitazama, kisha ionyeshe anachokitazama, kisha irudi usoni pake. Mrusi Lev Kuleshov alilijaribu jambo hili karibu na mwaka 1920: aliunganisha uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, usioonyesha hisia yoyote, mara na sahani ya supu, mara na jeneza, na watazamaji wakasifu jinsi mtu yule alivyoigiza njaa na majonzi. Funzo kwa lori la Mikumi ni la moja kwa moja. Uso mtulivu wa dereva ukifuatiwa na geji ya mafuta ni hofu. Uso huohuo ukifuatiwa na majani marefu kando ya lami ni hofu nyingine. Mwigizaji hana haja ya kutumbua macho wala kuhema, na anayefanya hivyo humnyang'anya mtazamaji kazi yake.

Kinachofuata ni nafasi, yaani kilichomo ndani ya fremu na kilichoachwa nje. Wengi hudhani kitisho kinahitaji kichochoro chembamba chenye giza. Hitchcock aliipinga dhana hiyo mwaka 1959 katika North by Northwest. Cary Grant anasimama kando ya barabara iliyonyooka, katikati ya mashamba tambarare, jua likiwaka. Magari yanakuja na kupita. Mbali kabisa ndege ya kunyunyizia dawa inazunguka mahali pasipo na mazao. Dakika zinapita bila muziki hata kidogo, hadi ndege ile inapoligonga lori la mafuta. Uwazi wenyewe ndio mtego, kwa sababu aliye wazi hana pa kujificha.

Uwanda wa Mkata, unaotandaa kaskazini ya barabara ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ni mahali pa aina hiyo. Mashariki inaonekana milima ya Uluguru, magharibi milima ya Rubeho, na katikati ni nyasi, mibuyu na mitende ya hapa na pale. Hapa msimu unaamua mbinu. Baada ya masika nyasi ni ndefu, na mnyama au mtu anaweza kujificha hatua chache kutoka barabarani. Mwishoni mwa kiangazi nyasi zimekauka au kuungua, na jicho linafika mbali. Mwongozaji anayetaka hofu ya kisichoonekana aje Juni. Anayetaka hofu ya Cary Grant aje Oktoba.

Nyasi ndefu zimeshapata filamu yake kubwa katika Afrika Mashariki, ingawa kamera hazikuwekwa huku. The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, iliyoongozwa na Stephen Hopkins, inasimulia kisa cha kweli cha simba wawili waliowaua wafanyakazi wa reli waliokuwa wakijenga daraja la Tsavo mwaka 1898. Sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Katika matukio yake bora simba haonekani: majani yanatikisika, upepo unatulia, mtu anageuka upande usiofaa. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya uhariri wa sauti, na ilistahili, kwa maana sikio ndilo linalomwona simba kwanza. Steven Spielberg alikuwa amejifunza jambo hilohilo kwa shida katika Jaws, mwaka 1975. Papa wa bandia aliharibika mara kwa mara baharini, ikabidi aonyeshwe kwa nadra, na inapita zaidi ya saa moja kabla hajaonekana vizuri. Hitilafu ile iliifaidi filamu.

Lenzi nayo ina neno lake. Lenzi ndefu hukandamiza umbali, hivyo nyati aliye mita 100 nyuma ya utingo huonekana kama amemkaribia mgongoni. Lenzi pana hufanya kinyume: taa za gari la kuomba msaada zinabaki nukta mbili zisizokua, hata baada ya muda mrefu. Na kamera ikiwekwa chini, usawa wa tairi, mtazamaji hupoteza upeo wa macho na kubaki na lami, uvungu wa gari na tone la dizeli.

Uhariri ndio unaokunja na kunyoosha muda. Mojawapo ya mbinu kongwe ni kukatisha kati ya mahali pawili, ambayo D. W. Griffith aliitumia mwaka 1909 katika The Lonely Villa: wezi wanavunja mlango, mke na watoto wamejifungia, mume anakimbilia nyumbani, na picha zinapokezana kwa kasi inayozidi. Mbinu hii ina historia chungu katika Afrika iliyotawaliwa na Waingereza. Kitengo cha filamu cha makoloni, kilichoanzishwa London mwaka 1939 chini ya William Sellers, kiliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata mkato wa haraka wala matukio mawili yanayokwenda sambamba. Kwa hiyo filamu zilizopelekwa vijijini kwa magari ya sinema zilitengenezwa kwa picha ndefu, mwendo wa pole na mfululizo mmoja. Wakati huohuo, wakazi wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakijaza kumbi kutazama filamu za Kihindi na za Kimarekani zenye mikato ya kila aina, na kuzielewa barabara. Dharau ile haikuwa na msingi wowote, na watu walinyimwa hadithi nzuri kwa sababu yake.

Mahandaki ya Kilosa yanaonyesha vizuri jinsi muda unavyonyooshwa. Treni ikienda kilomita 120 kwa saa hupita handaki la kilomita moja kwa sekunde 30. Mwanamke ameketi dirishani, begi mapajani. Mtazamaji ameshamwona mwanamume aliyepanda Morogoro akimfuata, yeye bado. Nje kuna mwanga wa alasiri, na kioo kinaonyesha vilima. Treni inaingia handakini, na kioo kilekile, kwa kuwa nje ni giza na ndani kuna taa, kinageuka kioo cha kujitazamia. Mwanamke anajiona mwenyewe, na nyuma ya bega lake anamwona yule mtu, safu mbili tu kutoka kwake. Sekunde 30 hizo zinaweza kuwa dakika tatu kwenye skrini: vidole vinavyokaza mkanda wa begi, kiatu kinachosogea, mtoto wa kiti cha mbele anayecheka, mhudumu anayepita na kumziba mtu yule, kioo tena, kiti kitupu. Treni inatoka mwangani na kioo kinarudi kuwa vilima. Hakuna aliyeguswa. Ugumu wa kazi hii uko katika wingi wa picha. Tukio la bafuni katika Psycho ya mwaka 1960, ambalo mashambulizi yake hayafiki hata dakika moja, lilichukua siku saba kupigwa, kamera ikiwekwa kwenye zaidi ya pembe 70.

Kinyume cha mkato ni kutokata kabisa. Orson Welles alifungua Touch of Evil, mwaka 1958, kwa bomu linalowekwa kwenye buti ya gari, kisha kamera ikalifuata gari hilo mitaani kwa zaidi ya dakika tatu bila mkato hata mmoja. Kila mkato humpa mtazamaji nafasi ya kupumua, Welles aliiondoa. Stesheni kongwe ya Kilosa inafaa kwa njia hii zaidi kuliko treni ya umeme ya reli ya kisasa. Treni ya reli ya zamani haina haraka, mvua za Mkondoa zimewahi kuikatiza njia yake mara nyingi, na abiria wake wanajua maana ya kusubiri. Katika High Noon ya mwaka 1952, Fred Zinnemann anarudia rudia picha ya reli tupu inayoishia kwenye upeo wa macho, na ya saa inayosogea kuelekea adhuhuri, muda wa treni ya muuaji kufika. Sergio Leone, mwaka 1968, aliwaweka watu watatu wenye bunduki stesheni wakingoja treni kwa dakika nyingi. Nzi anatua usoni, tone la maji linaangukia kofia, kinu cha upepo kinalia kwa kutu. Maneno ni machache mno. Waandishi wa miswada wangefanya vyema kulitazama tukio hilo kabla ya kuandika ukurasa mwingine wa mazungumzo.

Ya Leone inaingiza suala la sauti, na hapa ndipo filamu za bei ndogo zinaweza kushinda, kwa kuwa sauti ni nafuu kuliko helikopta. Muziki wa John Williams katika Jaws umejengwa juu ya noti mbili tu. Watu husifu noti hizo na kusahau uaminifu wake: watoto wanapowatania waogaji kwa pezi la bandia, muziki haupigwi. Mtazamaji hufundishwa kuuamini, ndiyo maana baadaye unapokosekana papa wa kweli humkuta hajajiandaa. Kinanda kinacholia kutoka mwanzo wa filamu hadi mwisho, kama katika video nyingi za hapa nchini, hakimfundishi mtu kitu.

Usiku wa Mikumi una sauti zake za kutosha. Injini iliyozimika hutoa mlio wa chuma kinachopoa. Chenene wanalia, vyura wanaitika kwenye madimbwi. Mhandisi wa sauti azirekodi zote kwa muda mrefu, azilaze chini ya tukio hadi sikio lizizoee, kisha aziondoe kwa mpigo. Ukimya huo utafanya kazi ambayo ngurumo ya simba haiwezi.

Ukimya, hata hivyo, hukutana na mtihani kwenye vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video za mitaani. Humo filamu za kigeni zimezoeleka kutazamwa zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, kama ile ya Lufufu kwa Tanzania au ya DJ Afro kwa Kenya. Mtafsiri hodari anajua kumwonya mhusika asiyesikia na kuongeza joto la ukumbi, na hiyo ni taharuki halali kabisa. Asiye hodari huujaza kila upenyo. Mwongozaji wa Kiswahili hana haja ya mtu wa katikati: filamu yake inaeleweka tayari, kwa hiyo anaweza kuthubutu kunyamaza.

Mwanga wa usiku barabarani unatosha kwa vitu vichache: taa za lori zinazoishia mahali fulani na kuacha giza baada yake, tochi ya simu inayoonyesha duara dogo, macho ya mnyama yanayorudisha mwanga. Kosa la kawaida ni kumulika kila kitu kwa taa nyeupe ili uso wa nyota uonekane.

Hatimaye taharuki lazima iachiwe, la sivyo mtazamaji huchoka na kuanza kuchungulia simu. Waongozaji wazuri huiachia kwa uongo kwanza. Majani yanatikisika, utingo anashika spana, anatoka swala. Watu wanacheka, mabega yanashuka, na hapo ndipo taa za gari lisilotarajiwa zinawaka nyuma yao.

Upo upande wa vitendo. Hakuna sababu ya kuwashusha waigizaji garini usiku mahali penye simba. Kuleshov alionyesha kwamba picha za mahali mbalimbali zikiunganishwa vizuri huwa mahali pamoja, na filamu ya Tsavo iliyopigwa Afrika Kusini ni ushahidi. Lori likipita kando ya Mkata mchana, pamoja na vibao vya hifadhi na tembo wa kweli, lipigwe Mikumi. Usiku wote upigwe kwenye njia za mashamba ya mkonge ya Kimamba, kwa ridhaa ya wenye mashamba. Utengenezaji wa filamu nchini unasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, kazi ya hifadhini inahitaji ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na ya treni na stesheni inahitaji ruhusa ya Shirika la Reli Tanzania. Ruhusa hizo ziombwe mapema, wakati mswada bado unaweza kubadilishwa.